Wachina wa Reli: Kwa Nini Wengine Walibaki na Wengine Wakaondoka?

Utangulizi

Ukitoka Mwanjelwa ukafuata barabara kuu iendayo Tunduma, utaipita stesheni ya TAZARA ya Mbeya. Reli hiyo ilijengwa na maelfu ya Wachina wakishirikiana na Watanzania na Wazambia. Hata hivyo, ukiulizia mtaa wanakoishi wajukuu wa Wachina wale, hakuna atakayekuonyesha. Marekani nako Wachina walijenga reli, lakini wao waliacha vizazi na mitaa yao, maarufu kwa jina la Chinatown. Mada hii inaeleza chanzo cha tofauti hiyo.

Wachina wa Marekani

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wanaume wengi kutoka jimbo la Guangdong, kusini mwa China, walivuka bahari kutafuta riziki. Kila mmoja alikwenda kwa ajili yake na familia yake, mara nyingi kwa nauli ya mkopo. Miaka ya 1860 kampuni ya Central Pacific iliajiri maelfu yao kupasua miamba ya milima ya Sierra Nevada. Walilipwa pungufu kuliko wazungu. Juni 1867 waligoma, kampuni ikawakatia chakula, na mgomo ukavunjika. Reli ilikamilika tarehe 10 Mei 1869.

Kazi ilipokwisha, hapakuwa na mkataba wa kuwarudisha kwao. Wengi walibaki wakalima, wakavua samaki na kufungua maduka ya dobi. Wakashambuliwa kwa madai kwamba wanashusha mishahara, na mwaka 1882 Marekani ikatunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Sheria hiyo ilizuia pia Wachina kupewa uraia, na ilifutwa mwaka 1943. Katika mazingira hayo, mtaa kama Chinatown ya San Francisco ulikuwa ngome: humo walipata chumba, mkopo na mtu wa kuwatetea. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Wong Kim Ark, kwamba mtoto aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kichina wanaoishi huko ni raia. Hivyo jamii ikapata mizizi.

Wachina wa TAZARA

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na njia ya Zambia ya kusafirisha shaba kupitia kusini ikawa mashakani. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kwenda Dar es Salaam. China ikakubali: mkataba ulisainiwa Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, kwenye milima, mabonde na udongo tepetepe.

Wachina hawa walitumwa na serikali yao. Waliishi kambini bila familia, muda wao wa kazi ukiwa na kikomo, kisha wakarudi kwao. Hawakuja kutafuta ardhi, duka wala uraia. Zaidi ya 60 walipoteza maisha katika mradi huu, na wengi wa waliofia Tanzania wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Wachina wafanyabiashara unaowaona leo Kariakoo ni wimbi jingine, lililokuja kwa njia binafsi, hasa tangu miaka ya 1990.

Kosa la kuepuka

Usiandike kwamba "Wachina walihamia Tanzania kujenga reli". Mhamiaji huenda kwa uamuzi wake na hutafuta makazi. Mtaalamu wa mkataba hutumwa na hurudi. Ukichanganya mambo haya mawili, hoja zako zote zitayumba.

Swali la kujipima

*Linganisha Wachina waliojenga reli Marekani na waliojenga TAZARA.*

Jibu lako liguse hoja hizi, kila moja ikiwa na ushahidi:

(a) Aliyewapeleka: juhudi binafsi na kampuni upande mmoja, makubaliano ya serikali upande mwingine.

(b) Lengo: faida ya kampuni, ukombozi wa kiuchumi wa Zambia na urafiki wa mataifa.

(c) Hatima: kubaki na kubaguliwa kisheria hadi 1943, kurejea nyumbani kazi ilipokwisha.

(d) Kufanana: wote walifanya kazi ya hatari milimani, na wapo walioifia.

Katika hitimisho, usiseme tu nani alitendewa vema. Eleza kwamba masharti ya safari ndiyo yaliyoamua kama mgeni ataacha jamii au ataacha reli na makaburi. Ukiweza kulieleza hilo kwa maneno yako mwenyewe, umeielewa mada.