Gurudumu la mbele linapotikisika kati ya Butembo na Beni

Ndugu akikupigia simu kutoka Butembo kwamba gurudumu la mbele la ile pikipiki ya mzee, Yamaha AG100, linatikisika, usikimbilie kutuma pesa za ringi mpya. Mara nyingi gurudumu linasingiziwa tu.

AG100 zilitengenezwa kwa kazi za shamba, zikiwa na keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa. Misheni na mashirika ya misaada yalizitumia sana katika nchi nyingi za Afrika. Kwetu Kongo zilikutana na barabara ya RN2, ambayo kati ya Butembo na Beni ina kilomita 54 hivi, na kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua.

Kila shimo hupiga shokapu za mbele, na pigo hupanda hadi shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Ndani ya shingo hiyo mna gololi zinazokaa kwenye vikombe, juu na chini. Kwa kuwa karibu safari yote usukani unatazama mbele, gololi hugonga mahali pale pale miaka nenda miaka rudi, mpaka vikombe vinaingia vishimo.

Kwenye mashimo hakuna anayekimbia, kwa hiyo ubovu hujificha. Desemba 2021 Uganda na Kongo zilianza kushirikiana kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, pamoja na hii ya Beni–Butembo. Njia ikilainika mwendo hupanda hadi kilomita 60 au 70 kwa saa, na ndipo usukani unapoanza kutetemeka, mara 4 hadi 10 kwa sekunde. Gunia la makaa likikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na mtetemo huzidi.

Mwombe apime kwanza vitu visivyo na gharama. Upepo wa tairi unatosha? Tairi limekaa sawa kwenye ringi pande zote? Kisha ainue gurudumu la mbele, alizungushe akiwa ameshika kijiti karibu na ringi: nafasi ikipanuka na kubana, ringi imepinda. Agonge spoki kwa spana. Iliyolegea hutoa mlio mzito. Alishike gurudumu pande mbili na kulisukasuka. Likicheza, beringi zimekwisha.

Mwisho azungushe usukani polepole. Ukinasa katikati, vikombe vina vishimo: nunueni seti ya vikombe na gololi, hakuna kaza-kaza itakayoponya. Ukiwa laini lakini shokapu zinagonga zikivutwa mbele na nyuma, nati ya shingo imelegea. Ikazwe kiasi tu, kwani ikizidi pikipiki huyumba.

Hadi itengenezwe, apunguze mzigo wa nyuma. Ikianza kutikisika njiani, aachie mafuta taratibu, ashike usukani bila kushindana nao, asibane breki ya mbele ghafla. Ringi inaweza kusubiri mwezi ujao. Shingo ya fremu isisubiri, maana nyuma yake huketi abiria.