Seli dendriti: kutenga, kubainisha na kueleza

Je, Kiswahili kinaweza kueleza kazi ya maabara bila kumpoteza msomaji? Makala haya yanajaribu kujibu kwa mfano wa seli dendriti za thimasi ya binadamu.

Thimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Huwa kubwa utotoni, kisha husinyaa. Ndani yake seli T, askari wa mwili, hupata mafunzo. Seli dendriti ni miongoni mwa walimu wao: huwaonyesha vipande vya protini za mwili wenyewe, na askari anayevishika kwa nguvu mno huondolewa. Mafunzo yakiharibika, mwili unaweza kujishambulia.

Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza seli hizi mwaka 1973, wakizichunguza katika bandama ya panya. Jina linatokana na neno la Kigiriki dendron, yaani mti (kwa Kirundi igiti), kwa kuwa zina matawi.

Kutenga. Daktari anapompasua mtoto moyo, mara nyingi huondoa sehemu ya thimasi ili aufikie moyo. Kipande hicho hukatwakatwa, hulegezwa kwa vimeng'enya, kisha huzungushwa kwa kasi katika kimiminika maalumu ili seli nyepesi zijitenge na nzito. Seli T, ambazo ni nyingi mno, hunaswa kwa kingamwili zenye chembe za sumaku.

Kubainisha. Zinazobaki hutambuliwa kwa alama za juu ya seli. Seli dendriti zina HLA-DR, lakini hazina CD3 ya seli T wala CD19 ya seli B. Zenye CD11c ni za kundi la kawaida. Zenye CD123 nyingi ni za kundi la plasmasitoidi. Kisha hupimwa utendaji: za kundi la kawaida zikichanganywa na seli T za mtu mwingine, seli T hizo huongezeka sana.

Kueleza. Hapa ndipo kazi yetu sisi walimu wa lugha. Kabla ya utafiti, mzazi huombwa ridhaa. Akiambiwa tu kwamba "sampuli itachukuliwa", anaweza kudhani mwanawe atakatwa zaidi. Mzazi wa Giheta au Muyinga anastahili kuelezwa, kwa lugha aijuayo, kwamba kipande hicho kingeondolewa hata pasipo utafiti, na kwamba anaweza kukataa. Bila ufafanuzi huo, "ndiyo" yake si ridhaa.