Yoga au dansi: pesa yako kidogo iende wapi

Bibi harusi mtarajiwa anayesubiri kufungua muziki kwenye send-off yake anajua mwili unavyoweza kumwangusha mtu. Magoti yanakaza, mikono haijui ikae wapi, na ukumbi mzima unatazama. Wengi wanaotafuta darasa la dansi wanaanzia hapo, shughuli ikiwa imebaki wiki sita. Wengine wanaanzia kwenye mgongo: kutwa kwenye kiti cha ofisi, jioni kwenye foleni, usiku hawalali vizuri, na mtu amewaambia wajaribu yoga.

Wote wanatafuta kitu kinachofanana, yaani kuwa na raha ndani ya miili yao na kujiamini mbele za watu. Na wengi wao wana pesa ya kulipia kimoja tu.

Nimelipia vyote viwili kwa nyakati tofauti, na msimamo wangu nautoa mapema. Lipia kile usichoweza kukipata nyumbani. Yoga, ukishaelekezwa vizuri mara chache, inaendelea sebuleni kwako bila ada. Dansi ya wawili haijifunzwi peke yako mbele ya kioo, kwa sababu nusu ya somo ni yule mtu uliyemshika.

Tuanze na pesa inayopotea kirahisi kuliko zote: vifurushi vya vipindi.

Nilipoanza yoga nililipa shilingi 150,000 kwa vipindi 10, wakati kipindi kimoja kilikuwa 20,000. Kwa hesabu ya haraka nilikuwa nimeokoa 50,000. Nilichokuwa sijauliza ni muda: kifurushi kilikuwa kinaisha ndani ya siku 30. Kazi ikanibana, mvua zikanyesha, nikahudhuria mara nne. Kila kipindi kikawa kimenigharimu 37,500, karibu mara mbili ya bei ya mtu anayelipa mlangoni. Kwa bei zile, kifurushi kilianza kunufaisha mtu kuanzia kipindi cha nane. Kama ratiba yako haikuruhusu kwenda mara mbili kwa wiki bila kukosa, lipa kipindi kimoja kimoja, hata kama kinaonekana ghali.

Uliza mambo matatu kabla ya kutuma pesa. Kifurushi kinaisha lini? Nikiumwa au nikisafiri, siku zinasogezwa? Kuna ada ya kujiandikisha? Hiyo ada ya mwisho hutajwa ukiwa umeshafika na umeshabadili nguo, wakati ni vigumu kugeuka na kuondoka.

Sasa yoga yenyewe. Kitu cha kwanza ambacho watu hukimbilia kununua ni mkeka, na hapo wengi hukosea kwa kuchagua mnene. Ile ya sponji ya milimita 10 hadi 15 inavutia mkononi kwa sababu ni laini. Lakini ukisimama kwa mguu mmoja juu yake kifundo kinayumba, na baada ya miezi michache visigino vinachimba mashimo. Mkeka wa plastiki wa milimita 4 hadi 6 unadumu zaidi na unakupa uthabiti. Wa mpira asilia unashika sakafu kuliko yote, ila ni mzito, una harufu, unaharibika ukianikwa juani, na bei yake huwa mara kadhaa ya ule wa plastiki. Kwa anayeanza hauna sababu.

Ukiwa dukani, kunjua mkeka sakafuni, weka kiganja na ukisukume mbele. Kikiteleza kikiwa kikavu, jasho litafanya hali iwe mbaya zaidi. Mkeka wa ukili ulio nyumbani unafaa kwa mazoezi ya kupumua na ya kulala chali. Kwa ya kusimama hapana, maana kwenye vigae unakimbia. Simama peku tu, sakafu yenyewe inatosha.

Vifaa vingine usinunue kabisa. Mkanda wa kuvutia mguu ni kanga iliyokunjwa. Tofali la kuegemea ni kitabu kinene au kipande cha mbao kilichopigwa msasa. Pedi ya magoti ni blanketi. Taitsi na fulana za mazoezi zipo mitumbani, Karume kwa wa Dar es Salaam au Gikomba kwa wa Nairobi. Kitambaa kizuri kilichovaliwa kidogo huzidi kipya cha bei rahisi kinachoonyesha mwili ukiinama. Vuta kitambaa kwenye mwanga kabla ya kulipa.

Kuna wanaosema, kwa nini nilipe mwalimu hata mara moja, na video zipo bure? Hazipo bure kabisa. Saa moja ya video ya ubora wa wastani inaweza kula karibu nusu GB, na ukiiangalia kila siku bando linaisha kabla ya wiki. Dawa yake ni kupakua video mbili nzuri mara moja, kisha kuzirudia. Upungufu mkubwa ni kwamba simu haikuoni. Haitakuambia kwamba goti lako limeingia ndani, wala kwamba unabeba uzito wote kwenye viganja. Ukijiumiza, utalipa hospitali pesa ambayo ingekutosheleza mwalimu kwa miezi.

Kwa hiyo lipia vipindi vinne hadi sita, katika kundi dogo, kwa mwalimu anayetembea kati ya wanafunzi badala ya kujionyesha yeye mbele. Muulize amesomea wapi na kwa saa ngapi. Mafunzo ya msingi yanayotambulika kimataifa ni ya saa 200. Mweleze kama una presha, una mimba au una tatizo la macho kama glakoma, kwa sababu mikao ya kichwa chini haikufai. Asiyeuliza afya yako kabla ya kipindi cha kwanza, usimlipe cha pili.

Yoga ina asili yake India na mizizi yake ni ya kiroho. Kama una wasiwasi kwa ajili ya imani yako, uliza kama kuna maombi au kuimba katika kipindi. Walimu wengi mijini hufundisha mazoezi na pumzi tu, na swali hilo halimuudhi mtu.

Dansi ina hesabu nyingine. Ninazungumzia dansi ya ukumbini: walzi, tango, rumba, chacha. Hapa mwalimu ni wa lazima, swali ni wa namna gani. Mwalimu wa peke yako anaweza kugharimu mara tatu ya darasa la kundi kwa saa moja, na kwa anayeanza hakupi mara tatu ya maendeleo. Katika kundi unabadilishana wenzi, na ukicheza na watu watano tofauti unajifunza kuongoza au kufuata kweli, si kukariri mtu mmoja. Kujiamini kunajengeka hapo hapo, unapokosea mbele ya wageni na wimbo unaendelea.

Jihadhari na kifurushi cha harusi. Bei yake hupanda kwa sababu tu neno harusi limetajwa. Mnafundishwa mpangilio wa wimbo mmoja wa dakika tatu, na wiki mbili baadaye hamkumbuki kitu. Wiki sita za darasa la kawaida la kundi, mara moja kwa wiki, na mazoezi ya jioni sebuleni na mchumba wako, zinawatosha kufungua muziki kwa walzi ya polepole au rumba. Na ujuzi unabaki nanyi.

Gharama iliyofichika ya dansi ni usafiri. Madarasa mengi ni ya jioni, yanaisha wakati daladala zimepungua. Chukua mfano wa vipindi vinane kwa 120,000. Ukilipa bodaboda ya 5,000 kila usiku wa kurudi, umeongeza 40,000, theluthi nzima ya ada. Darasa la Jumamosi mchana lenye ada kubwa kidogo linaweza kuwa ndilo la bei rahisi. Kuna pia madarasa yanayofanyika kwenye kumbi za vinywaji, ambako kiingilio ni kidogo lakini unatarajiwa kuagiza. Weka soda mbili kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Viatu vinasubiri. Mwezi wa kwanza vaa kiatu cha kawaida chenye soli ya ngozi. Usivae raba, kwa sababu inang'ang'ania sakafu, mguu unabaki nyuma wakati mwili umegeuka, na goti ndilo linaloumia. Kama huna soli ya ngozi, fundi viatu anaweza kukubandikia kwenye kiatu chako cha zamani kwa bei ndogo sana kuliko viatu vya dansi vya kuagiza. Kwa wanawake, kisigino kifupi kipana chenye kamba ya kufunga kifundo kinatosha. Kiatu hicho kiwe cha ndani tu. Vumbi na maji ya barabarani vinakimaliza.

Nani utashikana naye? Kwa baadhi yetu hilo ni jambo zito kuliko ada. Uliza kama wanawake wanaruhusiwa kucheza na wanawake, na kama unaweza kubaki na mwenzi uliyekuja naye. Madarasa mazuri hukubali yote mawili.

Pwani yetu ina njia nyingine ya kufanya mazoezi. Muziki wa dansi umechezwa katika miji yetu tangu miaka ya 1930, na bendi ya DDC Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978. Ukiwa umeshajua hatua za msingi, kiingilio cha onyesho la bendi ni nafuu kuliko kipindi cha darasa, na wazee utakaowakuta pale ni walimu wasiolipwa. Rumba yao si ile ya ukumbini hatua kwa hatua, na walzi hutaipata, kwa sababu inahesabiwa kwa tatu na bendi zetu hupiga kwa nne. Lakini kushika, kuongoza na kusikiliza mdundo utavipata.

Faida kwa mwili zinatofautiana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Chacha inahesabika, jasho lenyewe ni shahidi. Yoga ya polepole haipandishi mapigo ya moyo kiasi hicho, ila kwa mgongo ina nguvu: mwaka 2017 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kiliiweka miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Kwa wazazi wetu, utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 469 waliozidi miaka 75. Kati ya mazoezi ya mwili yaliyochunguzwa, dansi pekee ilihusishwa na hatari ndogo ya kupoteza kumbukumbu. Kuhusishwa si kuthibitishwa, lakini ni sababu ya kutosha kumpeleka mama.

Kama una 100,000 tu mwezi huu na tatizo ni mgongo au usingizi, zilipie vipindi vinne vya yoga, kisha jifungie sebuleni dakika 20 kila asubuhi. Kama tatizo ni aibu, upweke au shughuli inayokaribia, zipeleke kwenye darasa la dansi la kundi, la mchana, linalolipwa kwa kipindi. Usinunue mkeka wala viatu kabla mwezi haujaisha. Na leo, kabla ya kutuma chochote, piga simu uombe kipindi cha kwanza cha majaribio bure. Wakikataa, omba kukaa pembeni utazame. Wakikataa na hilo, tafuta darasa jingine.