Binti Aliye Mbali na Aijue Hesabu ya Mwezi Wake

Wapo mabinti zetu wa Pwani wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Kisii, na zipo familia za Kiislamu zilizofanya maskani Kisii na Nyamira, kwenye vilima vya migomba na majani ya chai. Huko binti yu mbali na mama yake na somo wake. Apatwapo na jambo katika hedhi, haya humfunga kinywa. Tumeona vyema basi tueleze damu hiyo ijavyo.

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi damu nyingine ianzapo. Kwa wanawake wengi huwa siku 21 hadi 35. Katika siku za mwanzo, ovari hulea yai na kutoa homoni ya estrojeni, ambayo huujenga upya utando wa ndani ya mji wa mimba. Yai likishapevuka hutoka, na kifuko lilimokuwa hutoa homoni ya pili, projesteroni, inayoutuliza utando na kuuandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, baada ya siku 14 hivi kifuko hunyauka, homoni zote mbili hushuka, na utando humomonyoka. Hiyo ndiyo hedhi, si ugonjwa.

Yai lisipotoka, kama itokeavyo mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya balehe, projesteroni hukosekana. Utando huzidi kunenepa, kisha huanguka bila mpango. Damu huchelewa, halafu huja nyingi na kukawia kukatika.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, hedhi haipungui usiku na mchana mmoja wala haizidi siku 15. Ikipita hapo pameingia istihadha, ambayo haizuii sala wala saumu. Lakini hukumu ya ibada si kipimo cha afya. Damu ya siku 12 yaweza kuwa hedhi kisheria, na huku inamdhoofisha mwenyewe. Damu ikizidi siku 8, au ikilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa, au akiona kizunguzungu, aende hospitali, iwe ile ya rufaa ya Kisii au ya kaunti ya Nyamira. Asingoje likizo.

Chakula nacho husaidia kurudisha madini ya chuma yapoteayo. Wenyeji wa huko wana chinsaga, ndiyo mgagani wetu, na mnavu. Mboga hizo zikamuliwe ndimu. Chai, ingawa ndiyo fahari ya vilima vile, isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa mwilini.

Enyi akina mama, mwanenu afungapo sanduku la safari, mtilieni daftari dogo la kuandika tarehe zake, na mumwambie kuwa kuuliza si utovu wa haya.