Mathenge na Magunzi Yaweza Kupika Chakula



Akina mama wengi wanalia kwamba kuni ziko mbali. Lakini hebu tutazame nyuma ya nyumba zetu. Magunzi ya mahindi yanachomwa bure, na mathenge umeziba njia kwa miiba yake. Vitu hivi tunavyoviita takataka vinaweza kuwa makaa.

Tukumbuke kwamba mathenge haukuja wenyewe. Ulipandwa Bura mapema katika miaka ya 1980 ili wakazi wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni. Baadaye ukavamia malisho na mashamba. Basi na tuupe ile kazi iliyouleta, tuuache msitu wa mto upumue. Msitu huo hushika ukingo usimomonyoke. Pia ni makao ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, kima wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Kusanyeni magunzi na vitawi vya mathenge, mvikaushe vizuri. Kitu kibichi hutoa moshi tu.

2. Chukueni pipa la lita 200, mlitoboe matundu chini, mliweke juu ya mawe matatu. Washeni moto ndani, kisha mjaze kidogo kidogo. Moshi mzito mweupe ukipungua na kuwa mwepesi, funikeni pipa na mzibe kila tundu kwa udongo mbichi. Hewa ikiingia mtapata majivu badala ya makaa.

3. Liacheni lipoe usiku kucha. Mkifungua mapema, makaa yatawaka tena.

4. Twangeni makaa, mchekeche mpate unga.

5. Pikeni uji mzito wa unga wa muhogo au wa mahindi ulioharibika. Kwa kila kilo ya unga wa makaa, gramu 50 hadi 100 za unga wa uji zatosha. Changanyeni mpaka ukifinyanga mkononi tonge lishikane.

6. Shindilieni ndani ya kopo lisilo na kitako, msukume litoke. Anikeni juani siku 3 hadi 7, mkiyageuza. Kaa lililokauka sawasawa halivunjiki likianguka kutoka kimo cha goti.

TUAMBIANE UKWELI

Kazi hii si utajiri wa haraka. Kilo 10 za takataka kavu mara nyingi hutoa kama kilo 2 tu za makaa. Tena makaa haya hukawia kushika moto. Kwa chai ya haraka utachoka kungoja, lakini kwa maharagwe, hapo utayasifu, maana huwaka polepole na kwa muda mrefu.

Makapi ya mpunga je? Yana majivu mengi, na pipani huziba hewa. Anzeni na magunzi, makapi myajaribu baadaye.

Msichome mabua ambayo ng'ombe wanayategemea wakati wa kiangazi. Mkulima akiyageuza makaa yote, mfugaji atalisha nini? Zungumzeni kwanza, jirani na jirani. Na shamba nalo libakizieni kitu cha kuoza, lipate rutuba.

Mathenge ukikatwa juu ya ardhi huchipua tena. Chimbeni mkate shina chini ya udongo. Kabla ya kukata kwa wingi au kuuza makaa, ulizeni ofisi ya misitu.

La mwisho ni la uhai. Jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Pikeni nje au penye madirisha wazi. Kamwe msilale na jiko ndani ya nyumba, hata kama kuna baridi ya mvua na hata kama moto unaonekana umekwisha.

Tunashauri kila kikundi kianze na pipa moja. Pikeni sufuria moja ya maharagwe kwa makaa yenu na nyingine kwa kuni, kisha mhesabu muda na mzigo uliotumika. Mkiona faida jikoni kwenu, ndipo mfikirie soko.

Haba na haba hujaza kibaba.