Hidrojeni: "Safi", "Jadidifu" au "ya Kijani"?

Mfasiri anayeandaa maelezo ya nishati kwa wananchi wa Litembo, wilayani Mbinga, hukabiliwa na tatizo lisilo la lugha peke yake. Katika wilaya hiyo, huko Ngaka, machimbo ya makaa ya mawe yalianzishwa mwaka 2011. Na katika milima ya Wamatengo iko mito iteremkayo hadi Ziwa Nyasa. Hidrojeni yaweza kupatikana kwa makaa hayo, na yaweza kupatikana kwa maji hayo. Ikiandikwa "hidrojeni" tu, msomaji hatajua ni ipi.

Hidrojeni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Iunguapo hutoa mvuke wa maji, si hewa ukaa. Tofauti imo katika utengenezaji wake. Kilo 1 itokanayo na makaa ya mawe huambatana na takriban kilo 20 za hewa ukaa. Njia nyingine ni elektrolisisi, yaani kutenganisha maji kwa umeme: lita 9 za maji na uniti 50 hadi 55 za umeme hutoa kilo 1 ya hidrojeni na kilo 8 za oksijeni. Umeme huo ukitokana na maporomoko, jua au upepo, hidrojeni hiyo huitwa ya kijani.

Jambo lenyewe si geni barani Afrika. Kiwanda cha mbolea cha Aswan, Misri, kilianza kutumia njia hiyo mwaka 1960. Kile cha Kwekwe, Zimbabwe, kiliitumia hadi mwaka 2015. Mkakati wa Kenya wa mwaka 2023 nao unalenga mbolea. Kwa hiyo mkulima wa ngolo, anayenunua mbolea kila msimu, anahusika.

Sasa tuchague neno gani? "Safi" halifai: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unajumuisha gesi ya mitungi, ambayo asili yake ni ya kisukuku. "Jadidifu" nalo lapotosha, maana hidrojeni si chanzo cha nishati. Ni chombo cha kuibeba tu. "Ya kijani" limekwisha kuenea, ila halielezi asili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Inapotajwa mara ya kwanza, iandikwe: hidrojeni ya kijani, yaani itokanayo na maji kwa umeme wa nishati jadidifu. Baadaye itoshe "hidrojeni ya kijani".

2. Nyingine zitajwe kwa asili yake: hidrojeni ya makaa ya mawe, hidrojeni ya gesi asilia.

Mfasiri akiandika "safi" pasipo kutaja asili, hatakuwa amevunja kanuni yoyote ya sarufi. Lakini mwananchi aliyeitwa mkutanoni kutoa maoni juu ya ardhi na maji yake atakuwa amekubali au kukataa jambo asilolijua. Wasomaji wenye mapendekezo bora zaidi wanakaribishwa kuyatoa.