Bonasi ya Goli Ilipoingia Nyumbani

Desemba iliyopita nilikuwa kwetu Masama. Unajua tena Wachaga na Krismasi, mjini anabaki mlinzi tu! Tukiwa tunamenya ndizi za machalari, wifi yangu akanivuta pembeni.

"Wifi, kaka yako amebadilika. Timu ikishinda, yeye ananuna. Mimi nimekosa nini?"

Kaka anayemsema ni binamu yangu, anacheza soka la kulipwa. Mara moja nikawaza nyumba ndogo. Kumbe mchawi alikuwa kipengele kimoja cha mkataba.

Binamu alisajiliwa kama straika. Mshahara wa kawaida, lakini kila goli lilikuwa na bonasi yake. Msimu wa kwanza alifunga, wakaanza kujenga kihambani na kuchukua mkopo wa kumalizia. Msimu wa pili kocha akamrudisha nyuma, awe kiungo mkabaji: anyang'anye mpira, awape wenzake. Kazi ikabadilika, mkataba haukuguswa. Marejesho ya mkopo nayo hayakuguswa.

Basi akaanza kupiga mashuti ya mbali na kupanda mbele bila kutumwa. Timu ikafungwa kupitia nafasi aliyoiacha wazi. Mashabiki wakamwita mbinafsi, kocha akamweka benchi.

"Dada," aliniambia, "kocha anasema nikabe, mkataba unasema nifunge. Nimsikilize nani?"

Pesa ina mdomo

Mpenzi msomaji, bonasi si zawadi tu, ni maelekezo. Straika anayelipwa kwa goli atapiga shuti hata kama mwenzake yuko wazi. Beki anayelipwa kwa mechi ambazo timu haikufungwa atasita kupanda kushambulia.

Wenzetu wengine huandika bonasi ifanane na kazi. Nyaraka za Football Leaks zilionyesha kwamba mkataba wa Roberto Firmino na Liverpool ulimlipa kwa kila goli, na kiwango kilipanda kadiri alivyofunga. Lakini ulimlipa pia kwa pasi za magoli. Ina maana, kwani sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafungulia njia Salah na Mané.

Hapa kwetu, mwaka 2023 Rais Samia aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Mshiko ule ulikwenda kwa timu. Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, na Fiston Mayele akaibuka mfungaji bora kwa magoli 7. Mayele akifunga, hata aliyekaba kule nyuma alikuwa na sababu ya kushangilia. Binamu yangu hakuwa nayo.

Mkataba mezani

Usiku ule wifi alileta mkataba, tukausoma watatu kwa mwanga wa simu maana umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo kwanza alikuwa anauona! Mume alificha kwa aibu, mke akadhani hapendwi.

Januari binamu akaenda ofisini kwa upole: nirudisheni mbele, au badilisheni kipengele. Walikubali nusu. Bonasi ya goli ilipunguzwa, ikaja bonasi ya kila mechi anayoanza na timu ikashinda. Kwa hesabu za wifi, fedha za msimu wa kwanza hazitarudi, na nyumba itabaki kwenye lenta mwaka mwingine. Si mchezo. Waliamua kumeza.

Kabla hamjasaini

Hata kama wewe ni mtu wa mauzo au wa benki na hujawahi kugusa mpira, kaeni wawili mjiulize:

- Bonasi hii inalipia kazi nitakayopangiwa kweli, au ile ninayoitamani?
- Nikibadilishiwa majukumu, malipo yanabadilikaje? Iandikwe.
- Mkopo wetu unasimama kwenye mshahara au kwenye bonasi? Bonasi ya kujengea, sawa. Bonasi ya kulipia deni la kila mwezi, hapana.
- Mwenzangu ameusoma mkataba?

Siku moja baada ya mechi wifi alinitumia meseji: "Tumeshinda moja bila. Hakufunga yeye. Anaimba bafuni."